Maswali na Majibu: Sherehe zimeisha, winta bado ipo

Barua karibu zote za mwezi huu zinauliza jambo moja: Krismasi na Mwaka Mpya vimepita, jimbo letu la Minnesota, Marekani, limefunikwa theluji, sasa tuishi vipi? Nimechagua chache.

Desemba nyumba yangu ilijaa watu kila wikendi. Tangu Mwaka Mpya hakuna aliyepiga hodi. Jumamosi na Jumapili zimekuwa ndefu mno. (Mama, Brooklyn Park)

Mama, piga hodi wewe. Sisi wa huku tumejizoesha kuonana kwenye harusi, harambee na matanga tu, tena kwa kadi, kamati na ukumbi wa kukodi. Nyumbani mtu alikuwa akipita kusalimia, anakuta chai iko jikoni, anakaa, mazungumzo yanampeleka mpaka magharibi. Januari ndio mwezi wa kuirudisha desturi hiyo, kwa sababu mifuko ya wote ni mitupu na hakuna anayetarajia makubwa.

Chagua siku moja, tuseme Jumapili saa tisa alasiri, uwatangazie jamaa kwamba mlango wako uko wazi kila Jumapili mpaka Machi. Injika kitu kinachotaka moto wa polepole: githeri, maharagwe ya nazi, supu ya kongoro. Wageni wakiingia watakuta vioo vya madirisha vimejaa mvuke na nyumba nzima inanukia tangawizi. Buti zibaki kwenye trei mlangoni zichuruzike maji ya theluji, makoti yarundikwe kitandani, watoto wayapande. Toa karata, dhumna, na bao kama unalo. Simu ziwekwe kapuni, na hapo usimwonee haya mtu, hata awe shemeji. Kikao cha watu kumi walioinamia simu si kikao.

Onyo moja: usianze na pilau ya watu 40. Ukianza hivyo, Jumapili ya tatu utakuwa hoi na mlango utafungwa. Chai na mandazi vinatosha, na mgeni akileta sukari, ipokee.

Winta itaisha lini? (Wengi)

Huku theluji huanguka hata Aprili. Acheni kuniuliza, pangeni Februari yenu.

Kwa kuwa winta hakuna cha kufanya, nimechukua shifti mbili kwa siku kwenye nyumba ya wazee. Mume wangu ananung'unika. Nakosea? (Dada, St. Paul)

Dada, kama kuna deni la Desemba, lilipe. Andika kiasi chake, hesabu ni shifti ngapi zitalimaliza, na zikiisha uache. Lakini wewe hukutaja deni. Umesema hakuna cha kufanya, na hapo ndipo ninapobishana nanyi kila mwaka. Wengi wetu tunaingia kazini gizani, tunatoka gizani, tunalala mchana na mapazia yamefungwa, halafu Mei tunashangaa mtoto amebadilika sauti na sisi hatujui ilikuwa lini. Ovataimu itakuwepo hata Julai. Mume anayenung'unika kwa sababu hakuoni bado anataka kukuona. Mpe jioni mbili kwa wiki, na jioni hizo usipokee simu ya msimamizi.

Kila Januari moyo unakuwa mzito. Nalala kwa muda wa saa kumi na bado nimechoka, nakula wanga tu, sitaki watu. Nyumbani wananiambia niombe. (Kaka, Rochester)

Omba, ndugu yangu, na umwone daktari pia. Unayoyaeleza yanajulikana. Mwaka 1984 daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake walieleza sonona inayorudi kila majira ya baridi mwanga wa jua unapopungua. Rosenthal alizaliwa Johannesburg na kuhamia Marekani, naye mwenyewe alisikia tofauti hiyo mwilini, kwa hiyo usidhani ni udhaifu wa imani yako. Mwishoni mwa Desemba jua la hapa linazama yapata saa kumi na nusu jioni, na mchana wote haufiki urefu wa saa 9. Mwili uliokulia karibu na Ikweta, penye saa 12 za mwanga mwaka mzima, lazima ushtuke.

Tiba zipo. Kuna taa maalumu yenye nguvu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), ambayo mtu hukaa mbele yake asubuhi kwa karibu nusu saa bila kuikodolea macho. Muulize daktari kwanza, hasa kama una maradhi ya macho au umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi. Toka nje mchana hata kwa robo saa, maana hata siku ya mawingu mwanga wa nje unaushinda wa sebuleni. Na siku mawazo yakikupeleka kwenye kujidhuru, usingoje miadi: piga 988, namba ya msaada ya hapa Marekani, saa yoyote.

Kwenu jamaa mnaowaambia wagonjwa wa namna hii kwamba wanadeka kwa sababu wako Ulaya au Marekani: mnawaumiza. Nyamazeni, au mwende mkakae nao.

Tukichoma nyama kwa jiko la mkaa ndani ya gereji, mlango ukiwa wazi kidogo, kuna ubaya? (Vijana, Burnsville)

Upo, nao ni kifo. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na kuacha mlango wazi kidogo hakusaidii. Chomeeni uani, mkiwa na makoti. Wala msiwashe gari likapate joto ndani ya gereji. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya kugundua hewa hiyo ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Ikague yako leo, na usiichomoe betri kwa sababu inakupigia kelele.

Watoto wanataka kuteleza kwenye theluji. Mimi naona si mchezo wetu. (Baba, Maple Grove)

Baba, Philip Boit wa Kenya alikuwa mwanariadha wa mbio aliyeanza kujifunza kuteleza Finland mwaka 1996. Mwaka 1998 alikuwa kwenye Olimpiki ya Nagano, kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie alimngoja mwishoni akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie, na mwaka 2002 akarudi tena kwenye Olimpiki. Mchezo wetu ni ule tunaoucheza.

Anza na kilima cha bustani iliyo karibu na sleji ya plastiki, gharama yake ni ndogo. Wakitaka zaidi, bustani ya Theodore Wirth mjini Minneapolis ina njia za kuteleza. Wavishe sufu au nguo za michezo mwilini, kwani pamba ikilowa jasho inawagandisha. Baridi ya upepo ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri kwa Selsiasi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Siku hiyo kaeni ndani.

Tunaweza kutembea juu ya ziwa? (Wengi, tena)

Barafu iwe safi, ngumu, na unene usiopungua inchi 4, iliyopimwa kwa kutobolewa. Kuona nyayo za mtu mwingine si kipimo. Gari liache ufukweni. Mkiwa na watoto, wikendi moja ya Januari jimbo huwaruhusu wakazi kuvua samaki kwenye barafu bila leseni, mradi wameandamana na mtoto wa miaka 15 au chini.

Wapi pa kwenda bila hela? (Mwanafunzi, Minneapolis)

Nyumba ya vioo ya Como Park, St. Paul, iliyofunguliwa mwaka 1915. Ndani kuna joto, unyevu na mimea ya nchi zetu, na kuingia ni bure, ukiweza unaacha mchango. Makumbusho ya sanaa ya Minneapolis nayo haitozi kiingilio, na ina vyumba vya sanaa ya Afrika. Nenda na mwenzako.

Jirani yangu ni bibi wa Kimarekani, anaishi peke yake. Nikimwondolea theluji atanielewa vibaya? (Kaka, Minneapolis)

Mgongee mlango umwambie jina lako kwanza, kisha uchukue koleo. Jiji linampa mwenye nyumba saa 24 kusafisha njia ya waenda kwa miguu baada ya theluji kukoma, na kwa umri wake ni mzigo. Akikukaribisha kahawa, ingia. Usiseme una haraka.