Silika kwenye waridi: dripu zimeziba, tufanyeje?

SWALI: Tunakuza waridi la kukata kwenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) hapa Naivasha. Ili mashina yawe magumu na ubwiri unga (ukungu mweupe wa majani) upungue, tulitia potasiamu silikati, yenye silika (madini yaliyomo mchangani), katika tangi A, lenye kalsiamu naitreti. Kesho yake tangi lilikuwa na uji mweupe na dripu zimeziba. Tulikosea wapi? Na je, silika itazuia maua kuinama shingo yakishafika sokoni?
Msomaji, Naivasha

JIBU: Silikati iliyokolea ikikutana na kalsiamu huganda, ikikutana na asidi iliyokolea huwa jeli. Kwa hiyo haiingii tangi A wala B, la mbolea nyingine. Itengeeni tangi la tatu lenye maji matupu, nayo itangulie kuingia katika maji ya kumwagilia. Ikishachanganyika vizuri, tieni asidi, kisha mbolea. Asidi msiiache: pH ya silikati hupita 11, na waridi linataka 5.5 hadi 6.0.

Msimwage asidi kwenye dripu mkidhani mtazizibua, mtazidisha jeli. Sukumeni maji safi kwa nguvu leo hii. Zilizokauka badilisheni.

Kabla ya kutia tena, pimeni maji. Visima vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano, na mara nyingi maji yake yana silika tayari; huenda hamhitaji kuongeza kitu. Kama ni kidogo, lengeni jumla ya miligramu 30 za silikoni kwa lita. Angalieni lebo, maana wengi hukosea hapa: huandikwa SiO₂, yaani silika, ambayo ndani yake silikoni ni asilimia 47 tu. Dawa yenye gramu 250 za SiO₂ kwa lita, mililita 250 hutosha lita 1000 za maji yasiyo na silika. Ikipita miligramu 56 hivi za silikoni kwa lita, silika huanza kushikana na mizizi haiwezi kuinyonya. Punguzeni pia potasiamu ya tangi B, kwani silikati inaleta yake.

Itolewe kila siku kwa kiasi kidogo. Silika ikishajijenga kwenye jani haihami kwenda chipukizi jipya, kwa hiyo dozi kubwa ya mara moja kwa mwezi ni hasara.

Kuhusu shingo: shina gumu husaidia, lakini shingo huinama hasa maji yasipofika kwenye ua, kwa sababu bakteria au hewa imeziba mirija ya shina, au ua limekatwa changa mno. Ndoo chafu haitibiwi na silika. Zisugueni kila siku, wekeni maji yenye klorini, na maua yaingie chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 4 mara tu yakikatwa.