Mstari mweupe wa bendera ya Kenya una upana gani?

SWALI: Fundi, hujambo? Nafundisha shule ya msingi huku Likoni. Tumeshonesha bendera mbili za Kenya kwa mafundi wawili, zote kimo sentimita 60, urefu 90. Ya kwanza mistari yake myeupe ni kama uzi. Ya pili mistari hiyo imejaa vidole vitatu. Ipi ndiyo sahihi? Tena mzee mmoja mtaani amewaambia wanafunzi wangu kwamba bendera ya Mombasa zamani ilikuwa nyekundu tupu. Ni kweli?

JIBU: Sijambo, Mwalimu. Hakuna iliyo sahihi hapo, na kosa la mafundi wote wawili naona ni moja: hawakuuhesabu mshono.

Jedwali la Pili la Katiba ya 2010 limeieleza bendera yetu: mistari mitatu mipana iliyo sawa, nyeusi juu, nyekundu kati, kijani chini, imetenganishwa na mistari myembamba myeupe, na katikati ngao na mikuki myeupe. Kipimo tunachoshonea ni sita kwa moja. Kigawe kimo cha bendera mafungu 20: kila rangi pana ichukue mafungu sita, kila mweupe ichukue fungu moja. Kwa bendera yako ya sentimita 60, fungu moja ni sentimita 3. Rangi pana ni 18, nyeupe ni 3. Jumlisha 18, 3, 18, 3, 18 utapata 60 kamili.

Sasa hizo ni sentimita za bendera iliyokwisha kushonwa, si za mkasi. Kila mshono unakula sentimita 1 kila upande, kwa hiyo nyeupe hukatwa 5 na nyekundu 20. Nyeusi na kijani mimi huzikata 22, kwa sababu kila moja ina mshono upande mmoja, na upande wa pili ina upindo wa kukunjwa mara mbili. Fundi wako wa kwanza alikata nyeupe 3, cherehani ikala 2, ikabaki 1. Wa pili alikata 5, lakini akaibandika juu ya rangi bila kukunja pembeni, ikakaa yote 5.

Msinione nashikilia jambo dogo. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii, mwalimu wangu alinifumulisha bendera nane kwa sababu ya mstari huo, na leo namshukuru. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za chama cha KANU. KADU, chama cha Ronald Ngala wetu wa Kilifi, kilikuwa na nyeupe mahali pa nyekundu. Mwaka 1963, nyeupe ikaingia kati ya rangi za wenzao, na maana yake ikawa amani. Nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, ngao na mikuki ni kuulinda uhuru. Lakini sisi wa Pwani tukiukata mweupe ukawa uzi, tunaupunguza mstari ambao watu wetu walikuwa na sehemu ndani yake. Waelezeni watoto hivyo.

Na mzee wako amesema kweli. Mombasa haikuwa koloni kama Nairobi. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, Mwingereza akiutawala kwa mkataba wa 1895. Ndiyo maana pale Ngomeni, juu ya Fort Jesus, ilipepea bendera nyekundu ya Sultani, nyekundu tupu bila alama yoyote. Mkataba wa Oktoba 1963 ukauunganisha ukanda huo na Kenya, na tarehe 12 Desemba ikapanda hii ya sasa. Siku mbili kabla, Unguja nayo ilikuwa imepata uhuru na nyekundu yake, safari hii ikiwa na duara la kijani na karafuu mbili ndani. Haikudumu: mapinduzi ya Januari 1964 yaliiondoa.

Zamani wafanyabiashara wa huku walikiita kitambaa chekundu chenyewe “bendera”, neno tulilolipata kwa Wareno. Mtu akinunua bendera dukani, alikuwa ananunua nguo nyekundu kwa pima.

Nyekundu hiyohiyo ndiyo ya kuchunga mkishona upya. Iloweke usiku kucha kabla ya kukata. Asubuhi maji yakiwa mekundu, rudisha dukani, maana mvua ya kwanza ya masika itaichujisha juu ya nyeupe, na madoa yake hayatoki. Ngao ishonwe pande zote mbili za kitambaa, ipite nyekundu na kuingia kidogo kwenye nyeusi na kijani. Upande usio na kamba upigwe mishono mitatu au minne, kwani upepo wa kusi huanza kuchana pembe za huko.

Ile bendera ya pili inaokoka. Mfumueni mstari mweupe, mkunje sentimita 1 kila upande, mshone tena palepale, katikati ya rangi mbili. Ya kwanza pimeni kimo chake. Nadhani mtakuta imepungua kama sentimita 4. Fumueni nyeupe zote mbili, kateni mpya za 5, na hakikisheni ngao imekaa katikati tena kabla ya kuipandisha mlingotini.