Xeon ya mtumba kwa gemu: nunua, lakini usilipie sifa zisizokufaa

SWALI: Ndugu mhariri, kwenye duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, nimeonyeshwa kompyuta ya HP Z440 iliyotumika Uingereza: prosesa ya Xeon E5-2680 v4 yenye kori 14 (vitengo vya kufanyia kazi), RAM ya GB 32 na kadi ya grafiki ya Quadro K2000. Muuzaji anasema ni mashine ya kazi nzito, kwa hivyo gemu zitateleza tu. Nataka kucheza GTA V na Valorant. Ninunue?
– Msomaji, Umoja

JIBU: Nunua, mradi bei isipandishwe kwa sababu ya Quadro na hizo kori 14. Hivyo viwili ndivyo vinavyompa muuzaji maneno.

K2000 ni kadi ya 2013 yenye kumbukumbu ya GB 2. Ilitengenezewa michoro ya wahandisi, na GTA V itaichosha mapema. Lakini si kila Quadro ni dhaifu: M4000 ina GB 8 na chipu ileile ya kadi ya gemu ya GTX 970. P2000 yenye GB 5 hula wati 75 tu, hivyo umeme wa sloti ya ubao mama unaitosha.

Kori nyingi ni za wanaohariri video. Valorant hutegemea zaidi kasi ya kori chache, na hii 2680 huanzia GHz 2.4, ikifika 3.3 inapojikaza. E5-1650 v4 ina kori 6, lakini hukimbia kati ya GHz 3.6 na 4.0. Soketi (tundu la prosesa) ni moja, basi mwombe muuzaji abadilishe.

Penye hatari ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Z440 zilitoka na ya wati 525 au 700. Fungua ubavu usome kibandiko kabla ya kutoa pesa. Plagi inayoingia kwenye ubao mama ni ya HP wenyewe, kwa hivyo pawa saplai ya kawaida haitaingia bila adapta. Ukiweka kadi kama GTX 1660 Super (wati 125, kwa kawaida tundu la pini 8), na pawa saplai ikiwa na waya mbili za pini 6, ziunganishe kuwa moja ya pini 8. Fundi akikuletea adapta inayochota umeme kwenye waya wa diski ya SATA, kataa. Plagi hiyo hubeba takriban wati 54 kwenye volti 12. Ikizidishiwa, plastiki huyeyuka.

Hakikisha GB 32 ni vijiti vinne vya GB 8, kwa sababu prosesa hii husoma RAM kwa njia nne. K2000 usiitupe: Xeon hii haina grafiki zake, na kadi mpya ikigoma utahitaji nyingine ya kupimia.

Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon hii haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka). Basi jaribu gemu hiyo papo hapo dukani.

SWALI: RAM niliyotoa kwenye Z440 haiwashi kompyuta yangu ya kawaida. Imeungua?
– Msomaji, Kasarani

JIBU: Huenda ni nzima. Soma kibandiko: ukiona herufi R baada ya PC4-2400 au PC4-2133, hiyo ni RAM ya seva, na ubao wa kawaida hauikubali. Irudishe kwenye Z440, wala usiichanganye na ya kawaida.