Tovuti ya timu ya wanafunzi: mfikirie atakayeipokea baada yako

Mkuu, umeuliza kama timu yenu ya roboti iandike tovuti kwa HTML tupu, yaani msimbo wa kurasa unaoandikwa kwa mkono, au itumie WordPress, Joomla au Drupal, programu za kuendeshea tovuti bila kuandika msimbo. Nimesimamia tovuti ya timu yetu misimu mitatu, nikueleze yaliyotukuta.

Ya kwanza tuliiandika kwa mkono. Ilikuwa nyepesi na ilipendeza kweli. Aliyeitengeneza alipohitimu, hakuna aliyethubutu kuigusa. Ukurasa wa mbele ukabaki na picha ya roboti ya mwaka juzi. Ndipo tukahamia WordPress, kwa sababu moja tu: mwanachama mgeni anafundishwa asubuhi, jioni ameshaandika habari ya mashindano.

Kilichotuumiza ni akaunti. Tulipofuta ya kapteni aliyeondoka, mfumo uliuliza: makala zake zifutwe, au apewe mtu mwingine? Mwenzetu kwa haraka akachagua zifutwe. Zikaingia kwenye kapu la taka, na kapu hilo hujisafisha lenyewe baada ya siku 30. Sisi tulikuja kushtuka siku ya 40 na ushei, mdhamini alipoomba ripoti ya msimu uliopita. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti, hatukuwa nayo. Iliniuma sana, maana mle mlikuwa na maelezo ya kila jaribio lililofeli na sababu yake, kazi ya watu kukesha.

Kwa hiyo anayeondoka msimfute. Mshusheni hadi ngazi ya chini kabisa, jina lake libaki juu ya kazi yake. Mgeni mpeni ngazi ya Mchangiaji: anaandika, ila hachapishi mpaka Mhariri apitie. Mjue tu kwamba ngazi hiyo haimruhusu kupakia picha, itabidi Mhariri amwekee. Usimamizi mkuu wawe nao wawili, mmoja mwalimu mlezi, maana yeye haondoki kila msimu. Domeni (anwani ya tovuti) na hosti (huduma inayoihifadhi mtandaoni) viandikishwe kwa barua pepe ya timu, kamwe si ya mtu binafsi.

Plagini, yaani vipande vya programu vya kuongezea tovuti uwezo, ziwe chache, na zisasishwe.

Bakapu ikae nje ya seva yenyewe, yaani kompyuta inayobeba tovuti, na iwe na vitu viwili: hifadhidata, ambamo mna maandishi yote, na folda ya wp-content, yenye picha na mandhari ya tovuti. Wengi hubeba kimoja wakadhani wamemaliza. Jaribuni kuirudisha kwenye kompyuta nyingine kabla msimu haujaanza.