Tani 4 Zilivyotaka Kuangusha Kreni ya Tani 25

SWALI: Mimi ni msimamizi wa kazi katika mradi mdogo wa kuweka kalavati karibu na Ahero. Mwezi uliopita tulikodi kreni ya tani 25 itushushie kalavati za zege, na nzito kuliko zote haikufika tani 4. Tulipokuwa tukishusha ya tatu, mguu mmoja wa kreni (ile mihimili inayotolewa ubavuni kuishikilia mashine) ulididimia karibu shubiri moja, mguu wa upande wa pili ukaachana na ardhi, na opareta akawahi kuutua mzigo. Hakuna aliyeumia. Mwenye kreni anamlaumu opareta, opareta anailaumu ardhi, nami sielewi jinsi tani 4 zinavyoweza kuyumbisha mashine ya tani 25. (Msomaji, Ahero)

JIBU: Zile tani 25 zilizoandikwa ubavuni mwa kreni ni uwezo wake mzigo ukiwa karibu kabisa, kwa kawaida mita 3 hivi kutoka katikati ya kile kitako kinachozunguka, miguu yote ikiwa imetolewa hadi mwisho. Kinachoipindua mashine ni uzito wa mzigo ukizidishwa kwa umbali wake. Kalavati ya tani 4 iliyo umbali wa mita 3 si sawa na kalavati hiyohiyo ikiwa mita 9, kwa sababu hapo nguvu ya kupindua imekuwa mara tatu ingawa mzigo haujaongezeka hata kilo moja. Ndiyo maana kila kreni ina jedwali lake ndani ya kebini, linaloonyesha uwezo ukipungua kadiri mkono unavyorefushwa na kulazwa. Umbali huo hupimwa kuanzia katikati ya kitako, si kuanzia ukingo wa gari kama wengi wanavyofanya, na uzito wa ndoano na minyororo huhesabiwa pamoja na mzigo.

Hata hivyo, kwa jinsi ulivyoeleza, nashuku ardhi zaidi kuliko jedwali. Uwanda wa Kano umejaa ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi huuita bleki kotoni. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na kuwa mgumu kiasi cha kumdanganya mtu, na ukinyeshewa huvimba na kuwa kama ugali ambao haujaiva. Kreni ya ukubwa huo yenyewe ina uzito wa tani 26 hivi, na mkono unapoelekea upande wa mguu mmoja, mguu huo unaweza kubeba zaidi ya theluthi mbili ya uzito wote, mashine pamoja na mzigo. Tuseme tani 20. Ikiwa wayo wa mguu ni sentimita 40 kwa 40, tani hizo zimekalia eneo la mita mraba 0.16, yaani shinikizo la tani 125 kwa kila mita mraba. Hakuna udongo wa Ahero utakaolistahimili. Weka chini yake jukwaa la mbao nene la mita 1.5 kwa 1.5, na shinikizo litashuka hadi tani 9 hivi, ambazo udongo mkavu ulioshikana unaweza kuzibeba, lakini uliolowa hauwezi. Kwa udongo uliolowa ningekushauri uchimbe, uutoe ule mweusi, ujaze maramu na kuishindilia kwa tabaka kabla ya kulaza mbao, au usubiri jua. Vipande viwili vya mbao za fomuweki (zile za kumwagia zege) vilivyopachikwa chini ya wayo, kama nionavyo mara nyingi, ni kujifariji tu.

Sababu ya kuharakisha kutua mzigo mguu unapoanza kuzama ni kwamba kosa hilo hujilisha lenyewe. Mkono wa mita 20 ulio karibu wima, mashine ikiinama digrii 3 tu, ncha yake husogea nje takriban mita 1. Umbali umeongezeka, mguu unaelemewa zaidi, unazama zaidi. Majedwali mengi huchukulia kwamba mashine imekaa sawa, mteremko usizidi sentimita 1 kwa kila mita. Kwa hiyo pima maji, kile kifaa cha kupima usawa, iwekwe juu ya kitako kabla ya kazi na iangaliwe tena baada ya kila mzigo mzito. Mzigo wa tatu ndio uliokutia hofu, lakini huenda mguu ulianza kushuka tangu mzigo wa kwanza na hakuna aliyetazama.

Jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havilitaji: muulize mzee wa boma palipokuwa choo cha zamani. Shimo lililofukiwa miaka mingi iliyopita halionekani, nyasi zimeota juu yake, na mguu wa kreni utalipata. Vivyo hivyo mtaro uliochimba wewe mwenyewe: kina chake kikiwa mita 2, mguu usikaribie ukingo kwa chini ya mita 2, na udongo ukiwa umelowa uongeze.

Kuhusu lawama, opareta na mwenye kreni wana sehemu yao, lakini aliyeichagua ardhi ni wewe uliyekodi, na katika barua yako hukujitaja.

SWALI: Tunamwaga kifusi kwa tipa nje kidogo ya Nakuru. Kwa nini tipa huyumba bodi ikiwa juu, ilhali ikiwa chini imetulia? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Bodi ikiinuliwa, uzito wote hupanda juu, na mteremko mdogo ambao tairi haziuhisi barabarani unatosha kuilaza. Udongo ulioloa hushika mbele ya bodi ilhali nyuma kumekwisha kumwagika, na hapo ndipo huanguka. Usiruhusu dereva aukung'ute kwa kusogeza gari na kufunga breki ghafla. Ashushe bodi, udongo ukwanguliwe. Majivu ya volkano ya Nakuru nayo huonekana imara yakiwa makavu, lakini maji yakipita chini huacha mianya, kwa hiyo kagua nyufa kila baada ya mvua.

SWALI: Eskaveta ikianza kupinduka mlimani, niruke? (Opareta, Kakamega)

JIBU: Usiruke. Wanaoruka mara nyingi huangukia upande uleule inakoangukia mashine, na fremu ya kebini iliyowekwa ili ikulinde ndiyo huwabana. Funga mkanda tangu unapoiwasha, jishikilie, na ukiwahi, tua ndoo ardhini. Mteremkoni panda na ushuke moja kwa moja, usikate kwa ubavu, ndoo ikiwa sentimita 30 hivi kutoka chini, na usizungushe ndoo iliyojaa kuelekea bondeni.