Ukisikia "I'd", sikiliza kitenzi kinachofuata

Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini Unguja, mgeni alipiga simu kutoka uwanja wa ndege. Mimi nilisikia hivi: "I'd pay for the taxi." Nikaelewa kwamba atalipa mwenyewe akifika, nikamwambia dereva achukue pesa kwake. Kumbe mama yule alisema "I'd paid for the taxi before I left home." Alikuwa ameshalipa, pamoja na chumba, kabla hata hajapanda ndege. Alifika mlangoni usiku, mtoto amelala begani, na dereva anamdai malipo ya mara ya pili. Risiti ilikuwa kwenye simu yake. Niliomba radhi, na pesa alirudishiwa, lakini uso wake ule sijausahau.

Nilikosea kwa sababu kichwani mwangu "I'd" ilikuwa na maana moja tu: "I would". Ndivyo nilivyoishika tangu shule. Kumbe hiyo d yenye ritifaa ni kifupi cha maneno mawili tofauti, "would" na "had", na yenyewe haikwambii ni lipi kati ya hayo. Kinachokwambia ni kitenzi kinachoifuata. Kikiwa umbo la tatu, yaani "gone", "eaten", "seen", "paid", hapo ni "had". Kikiwa umbo la kwanza, "go", "eat", "see", "pay", hapo ni "would".

Mimi hukitafsiri kichwani papo hapo. "I'd gone" ni nilikuwa nimeenda. "I'd go" ni ningeenda, au, kama mtu anasimulia mazoea ya zamani, nilikuwa nikienda. Kiswahili chetu kimezitenga hizo maana kwa viambishi vinavyosikika wazi, me, nge na ki, kwa hiyo ukishajua kitenzi ni umbo gani, maana inakuja yenyewe. Inayokwenda kinyume ni "I'd better go". Hiyo ni "had", lakini haihusu jambo lililopita. Maana yake ni afadhali niende. Ishike kama ilivyo.

Vipo vitenzi ambavyo umbo la kwanza na la tatu ni kitu kimoja: "put", "cut", "come", "run". "I'd put the key on the table" inaweza kuwa ningeweka, inaweza kuwa nilikuwa nimeweka. Hapo angalia majirani zake. Ukisikia "already" au "just", mara nyingi ni "had". Na kama bado una shaka, uliza. Siku hizi ningemwuliza mama yule, "So you've already paid?" Ni sekunde mbili, na hakuna mgeni anayekasirika kwa kuulizwa hivyo.

Kuna wanaodhani ufupisho huu ni uvivu wa kusema. Sikubaliani nao, na ushahidi tunao vinywani mwetu. Nimekwisha kula ikawa nimeshakula, nimeshakula ikawa nishakula, na hatumwoni msemaji kuwa mvivu. "I'd already eaten" ndiyo nilikuwa nishakula. Ukiisema nzima nzima, "I HAD already eaten", kwa kuikaza hiyo "had", hujakosea sarufi, ila msikilizaji anaweza kuona unabishana naye.

Shida kubwa kwetu ni ulimi. Tumezoea silabi inayoishia kwa irabu, kwa hiyo "I'd" hutoka "aidi", au d inaanguka kabisa tukabaki na "I eaten". Kilichonisaidia ni kuisogeza d kwenye neno linalofuata. "I'd eaten" itamke kama ai-diitn. "She'd arrived", shi-daraivd. "I'd already", ai-dolredi. Sasa hizo ni silabi ambazo ulimi wetu unazimudu. Anza na maneno yanayoanza kwa irabu kama hayo kwa wiki kadhaa, ndipo uende kwenye "I'd told him", ambapo ulimi unagusa nyuma ya meno, unashikilia kidogo, kisha unaachia t. Hapo hata wenye lugha yao d yao husikika kwa shida, na ndiyo maana nasema sikio lako liende kwenye kitenzi. Anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS alizingatie hili zaidi, maana kwenye mtihani ule rekodi unaisikia mara moja tu.

Jambo jingine nalisikia sana kwa wenzangu: "Yesterday I had gone to Kariakoo and I had bought shoes." Hapana. Hapo sema "I went" na "I bought". "Had" inahitaji tukio jingine la zamani la kuegemea: "When you called, I'd gone to Kariakoo." Ulipopiga, nilikuwa nimeenda. Bila ulipopiga, nilikuwa haina kazi.

Kwa kusimulia uliyoyapitia, mbili hizi ndizo nazitumia kila siku. "I'd never been on a ferry before I moved to Unguja": nilikuwa sijawahi kupanda boti. Na "I'd been to Mombasa", nilikuwa nimewahi kufika Mombasa. Usiichanganye na "she'd gone to Mombasa", alikuwa ameenda huko na hayupo. Wanaoogopa "had had" nao ufupisho unawaokoa: "I'd had malaria twice that year." Ila kwenye jibu fupi usifupishe. Ni "Yes, I had", kamwe si "Yes, I'd". Na kwenye barua ya kuomba kazi andika "had" kamili.

Zoezi ninalowapa wanaoanza kazi mapokezi ni sentensi moja, waisikilize kwenye simu nikiwa nimeirekodi kwa mwendo wa kawaida: "If I'd known you'd arrived, I'd have cooked." Ningalijua umeshafika, ningalipika. Zimo d tatu. Ya kwanza inafuatwa na "known", ya pili na "arrived", zote umbo la tatu, kwa hiyo "had" na "had". Ya mwisho ina "have", umbo la kwanza, kwa hiyo "would". Wengi hupata ya kwanza na ya mwisho. Ya katikati huisikia "you arrive", nami nawarudishia rekodi mpaka wazipate d zote mbili, ya "you'd" na ya mwisho wa "arrived".