Maswali ya Wasomaji: Kuwasaidia walio mbali bila kuwaongezea mzigo

Barua tulizopokea kuhusu misaada ya kibinadamu kwa nchi nyingine zimekuwa nyingi, hata tumeona ni vyema kuzitengea ukurasa huu wote. Zilizofanana tumeziunganisha, na ndefu tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea. Baada ya kusikia habari za tetemeko la ardhi katika nchi ya mbali, wanachama wetu walichanga nguo, viatu, maji ya chupa na dawa, na sasa chumba chetu cha mikutano kimejaa maboksi. Tumeyaandikia mashirika kadhaa tukiomba yatupelekee mzigo huu, nayo yamekataa kwa upole. Je, hawahitaji msaada?

JIBU: Ndugu Katibu, msaada wanauhitaji sana, na waliowakatalia hawakuwadharau. Katika siku za kwanza za maafa makubwa, uwanja wa ndege unaotumika huwa mmoja au miwili, malori ni machache na watumishi wamechoka, kwa hiyo kila shehena inayoshushwa bila kuombwa huchukua nafasi ya ile iliyoombwa. Tena mzigo hausafiri kwa nia njema peke yake: unahitaji hati za usafirishaji, kibali cha forodha, ghala, na mpokeaji anayejulikana ambaye amekubali kuupokea. Asipokuwepo, mzigo hubaki bandarini ukitozwa ada ya kuhifadhiwa, na gharama hiyo inaweza kumwangukia yule yule mliyekusudia kumwondolea shida.

Lifikirieni boksi moja tu. Anayelifungua hukuta koti zito limekunjwa pamoja na nguo za mtoto mchanga, kiatu cha kushoto ambacho mwenzake ameingia boksi jingine, na chini kabisa chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki nusu, kifuniko kimelegea na vyote vilivyo chini vimelowa. Atahitajika mtu wa kuyachambua hayo, naye ataondolewa kwenye kazi ya kugawa maturubai.

Kuhusu dawa, msisite kabisa: msizitume. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa michango ya dawa mwaka 1996, na baadaye wakaurekebisha. Mwongozo huo unataka dawa itumwe pale tu mpokeaji alipoeleza hitaji lake, iwe imeidhinishwa kutumika katika nchi inakokwenda, iandikwe kwa lugha ambayo wahudumu wa afya wa huko wanaielewa, na kwa kawaida ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kwisha. Dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa kisha ikarudishwa haikubaliki. Zilizotoka kwenye makabati ya nyumbani haziwezi kuvuka masharti hayo, na nchi iliyoharibika hospitali zake hulazimika kutafuta njia salama ya kuziteketeza. Zipelekeni kwa mfamasia aliye karibu nanyi awaelekeze namna ya kuziharibu.

Maji nayo yana hesabu yake. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada yalianza kuuandaa mwaka 1997, umeweka kiwango cha chini cha lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Tani 20 za maji, pasipo kuhesabu uzito wa chupa, ni lita 20,000, ambazo kwa kiwango hicho hazitoshi watu 1,400 kwa siku moja. Nauli ya mzigo huo ingefaa zaidi kama ingenunua vidonge vya kutibu maji au kukarabati pampu iliyo huko huko.

Ushauri wangu ni kwamba mviuze vitu vilivyo vizima, mtume fedha. Fedha hufika upesi, hununua kinachohitajika karibu na eneo la maafa, na huwapa wafanyabiashara wa huko nafasi ya kusimama tena. Siku hizi mashirika mengi huwagawia waathirika fedha taslimu au hati za manunuzi pale masoko yanapofanya kazi, na mimi naona hiyo ni njia yenye heshima zaidi, kwa kuwa mama aliyepoteza nyumba anajua kuliko sisi sote kama leo anahitaji sufuria au blanketi. Mambo hubadilika pale tu soko lilipokufa kabisa, au shirika lililoko huko linapotangaza orodha ya vitu linavyovitaka, na aina na kiasi chake. Hapo fuateni orodha kama ilivyo, bila kuongeza chochote.

SWALI: Nitajuaje kwamba shirika ninalolichangia ni la kuaminika? Nasikia fedha nyingi huishia kwenye mishahara.

JIBU: Anza na yaliyo wazi: limesajiliwa wapi, hesabu zake hukaguliwa na nani na huchapishwa lini, na lilikuwepo katika eneo hilo kabla ya maafa au limeanza kulitaja juzi. Swali ninalolipenda zaidi, ambalo wachangiaji wachache hulifikiria, ni hili: je, wale wanaosaidiwa wana njia ya kulalamika, na malalamiko yao hujibiwa? Shirika makini halitakosa jibu. Ukiona akaunti iliyofunguliwa kwa jina la mtu binafsi, pamoja na ujumbe unaokuhimiza utume sasa hivi kabla hujauliza, kaa mbali nayo.

Kuhusu mishahara, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Dereva wa lori, mlinzi wa ghala na mhasibu anayezuia wizi ni sehemu ya msaada wenyewe, na shirika linalojigamba kwamba halina gharama za uendeshaji hunitia shaka kuliko linalozitaja bayana. Ubadhirifu upo, sikatai, lakini huonekana kwa kusoma hesabu. Tarakimu ya asilimia iliyoandikwa kwenye bango haitoshi.

Angalia pia kama fedha zinawafikia wahudumu wa nchi yenyewe iliyoathirika. Mwaka 2016, katika mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha zingewafikia wahudumu wa ndani ya nchi kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Mchangiaji wa kawaida ana haki ya kuliuliza shirika lake linatekelezaje ahadi ya namna hiyo.

Jambo jingine: usiufunge mchango wako kwa tukio moja kama hakuna sababu. Siku chache baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya tarehe 26 Desemba 2004, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza kwamba fedha lilizopokea kwa ajili ya maafa hayo zilikuwa zinatosha kwa kazi lililopanga, na likawaomba wachangiaji waruhusu fedha zao zitumike penginepo. Wengine waliudhika. Mimi nauona huo kuwa uaminifu wa hali ya juu.

SWALI: Mimi ni muuguzi kijana, nimeamua kusafiri kwenda kujitolea. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, usiende peke yako. Timu za kitabibu za dharura zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani hutakiwa kujitegemea kwa chakula, maji na malazi, na kufanya kazi chini ya mamlaka za afya za nchi husika. Anayefika na begi lake tu huwa mtu mwingine wa kulishwa. Jiunge mapema na chama cha kitaifa cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, upate mafunzo, usubiri kuitwa.

Wakati unasubiri, ipo kazi unayoweza kuifanya ukiwa umekaa mezani kwako. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waliuchora mji mkuu wa nchi hiyo, Port-au-Prince, katika ramani huria ya OpenStreetMap, wakifuata picha za setilaiti. Kazi hiyo inaendelea hadi leo kwa maeneo mengine: unapewa kipande kidogo cha picha, unafuatisha pembe za kila paa na mkondo wa kila njia, kisha mwenye uzoefu anahakiki ulichochora kabla hakijatumiwa na madereva wa misaada.

SWALI: Kikundi chetu ni cha kidini, na tunataka kuwasaidia waathirika wa vita katika nchi nyingine. Baadhi yetu wanataka tuwasaidie waumini wenzetu tu, na wengine wanasema upande mmoja wa vita hivyo haustahili kitu.

JIBU: Kuwasaidia ndugu wa imani si kosa, ila msiuite huo msaada wa kibinadamu. Azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1991 linataka msaada huo utolewe kwa misingi ya utu, kutoegemea upande na kutobagua. Misingi hii ina faida ya vitendo: msafara wa malori hupita vizuizi vya pande mbili pale tu pande zote zinapoamini kwamba hauchagui wa kumtibu. Mwaka 1859, baada ya vita vya Solferino huko Italia, wanawake wa mji jirani wa Castiglione waliwauguza majeruhi bila kuuliza ni wa jeshi gani, na Henry Dunant, aliyewaona, alikuwa miongoni mwa walioanzisha mwaka 1863 kamati iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mnaweza pia kumwandikia mwakilishi wenu bungeni, mkimtaka aikumbushe serikali wajibu wake chini ya Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo kila nchi imeiridhia.

SWALI: Kipato changu ni kidogo, na habari za maafa niliyotaka kuyachangia zimeshatoweka magazetini. Nimechelewa?

JIBU: Hujachelewa. Kamera zikishaondoka michango hupungua, ilhali watu bado wamo mahemani. Kiasi kidogo kinachotoka kila mwezi hulisaidia shirika kupanga kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo chagua kiasi ambacho hutalazimika kukisitisha.